Kilo 680 na Mkono Mmoja: Rekodi za Suti za Roboti

Mwaka 1971 kampuni ya General Electric ya Marekani iliachana na mashine yake iliyoitwa Hardiman. Ilikuwa na uzito wa kilo 680, na iliundwa kwa shabaha moja: mtu aivae mwilini, anyanyue mzigo mwingine wa kilo 680, na mikononi mwake ahisi kana kwamba ameshika kilo 27 tu. Fedha zilitoka jeshini, ambako wakubwa walitamani kumwona baharia mmoja akipachika mabomu kwenye ndege bila kuita winchi.

Wahandisi wa Schenectady, jimbo la New York, waliihangaikia tangu 1965. Walijenga suti mbili, moja ndani ya nyingine. Ya ndani ilifungwa kwenye mikono na miguu ya mvaaji ili isome kila anapojitikisa. Ya nje, yenye viungo 30 vinavyoendeshwa kwa haidroli na umeme, ilitakiwa iige ya ndani papo hapo. Kazi ikawa kwenye hilo "papo hapo". Chuma cha uzito ule kikichelewa kidogo tu kumfuata binadamu, kinajirekebisha kwa pupa, kinapitiliza, kinajirekebisha tena kwa pupa zaidi. Suti ilipowashwa nzima ilifurukuta kwa nguvu kiasi kwamba hakuna mtu aliyewahi kuwekwa ndani yake ijaribiwe hivyo. Mwisho wa yote kilichofanya kazi ni mkono mmoja, ulioweza kuinua kilo 340. Mkono ule ulikuwa na nguvu kweli, ila haukuwa na miguu ya kuupeleka popote.

Nimeanza na Hardiman kama sabuni ya kuondoa ukungu machoni. Filamu na riwaya zimetuzoesha kuamini kwamba suti bora ni ile inayomfanya mwenye nguvu awe na nguvu za tembo. Ukizipitia rekodi za suti zilizovaliwa na watu wa kweli unakuta mambo mengine kabisa: zilizosifika ziliwekwa na watu wasioweza kusimama, kwa mwendo wa kobe, na moja ya rekodi zilizowatoa wahandisi jasho jingi ni ya kutomchosha mvaaji. Baadhi ya rekodi zifuatazo zimo katika vitabu vya Guinness. Nyingine ni tuzo ninazozitoa mwenyewe.

Kongwe kwenye karatasi

Nicholas Yagn, Mrusi wa St. Petersburg, alipewa hataza nchini Marekani Januari 1890 kwa kifaa cha kurahisisha kutembea, kukimbia na kuruka. Kilikuwa na springi ndefu zilizopinda kama upinde, zikiambatana na miguu. Hakikuwa na injini. Springi ilihifadhi nguvu ya mkimbiaji mwenyewe anapokanyaga, kisha ikamrudishia anaponyanyua mguu. Usizisahau springi hizi.

Wa kumfungia mtu injini mgongoni ni Mmarekani Leslie C. Kelley, aliyepata hataza yake 1919. Aliita kifaa chake pedomotor: injini ndogo ya mvuke ikivuta kano bandia zilizopita sambamba na misuli ya miguu. Maji ya moto yachemke nyuma ya shingo yako huku unakimbia! Ni wazo linalosomeka vizuri zaidi kuliko linavyovalika.

Riwaya yenye uzao mkubwa kuliko zote

Robert A. Heinlein alikuwa afisa wa Jeshi la Wanamaji la Marekani hadi 1934, alipoondolewa kwa sababu ya kifua kikuu. Mwaka 1959 alichapisha Starship Troopers, riwaya ya askari wa anga za mbali wanaopigana ndani ya suti zenye mota, na mwaka uliofuata ikashinda tuzo ya Hugo. Mavazi ya chuma yenye nguvu yalishaonekana katika hadithi za kabla yake. Heinlein aliongeza maelezo ya jinsi yanavyofanya kazi. Suti yake ina vihisio kwa ndani vinavyopokea mgandamizo wa mwili. Ukisukuma, suti inasogea hadi usihisi tena kwamba kuna kitu unachokisukuma. Haina usukani wala vitufe vya kutembelea. Mvaaji anatembea, nayo inakwenda naye.

Miaka sita baadaye watu wa Hardiman walikuwa wanagombana na wazo hilohilo, nalo likawashinda. Kwenye kurasa linakwenda bila kukwama, kwa kuwa kwenye kurasa haidroli haichelewi.

Nchini Japani tafsiri ya riwaya hiyo ilichorwa picha na wasanii wa Studio Nue, na suti zile zilichangia kuzaliwa kwa Gundam, mfululizo wa katuni ulioanza kurushwa 1979 na ambao hadi leo ni biashara kubwa ya vinyago na filamu. Kituko ni kwamba Paul Verhoeven alipoitengeneza filamu ya riwaya hiyo 1997, suti haimo kabisa. Askari wanakimbizana na wadudu wakubwa wakiwa wamevaa kofia na vesti tu.

Aliyekiamini kitabu hicho kuliko wasomaji wote ni Monty Reed, askari wa kikosi cha Ranger cha Marekani aliyevunjika mgongo katika ajali ya parachuti mwaka 1986. Akiwa kitandani hospitalini akasoma Starship Troopers, akaanza kuchora suti ya kumtembeza mtu aliyepooza, na kuwaandikia wanajeshi barua kuhusu mipango yake. Suti ya kwanza, aliyoiita LIFESUIT, ilikamilika 2001. Mwaka 2005 alivaa toleo lake la 12 katika mbio za Mtakatifu Patrick mjini Seattle, akamaliza maili 3, yaani kilomita 4.8, kwa dakika 90. Ikahesabiwa kuwa rekodi ya kutembea kwa suti ya roboti. Ni mwendo wa kilomita 3.2 kwa saa. Shikilia tarakimu hiyo pia.

Ya mapema kumfaa mgonjwa

Wakati Hardiman inafurukuta New York, mjini Belgrade katika Yugoslavia ya wakati huo, Miomir Vukobratović na wenzake wa Taasisi ya Mihailo Pupin walikuwa kwenye kazi nyingine. Walitengeneza miguu ya kuvaa iliyosukumwa kwa hewa iliyoshindiliwa na kuongozwa na mpangilio wa elektroniki. Ya kwanza ilitoka 1969, na kufikia 1972 walikuwa wakiijaribu kwa watu waliopooza miguu katika kliniki ya mifupa mjini humo. Haikuinua bomu wala sanduku. Vukobratović ndiye pia aliyewapa wanaroboti hesabu ya kujua mashine yenye miguu miwili inasimama imara au inaelekea kuanguka, hesabu ambayo roboti nyingi zinazotembea zimeitegemea. Pamoja na hayo Hardiman ndiyo picha utakayokutana nayo kwenye kila makala ya aina hii, hii ikiwemo.

Suti za uongo zilizochosha watu wa kweli

Katika filamu ya Aliens ya James Cameron (1986), Ripley, yaani Sigourney Weaver, anaingia ndani ya mashine ya kupakia mizigo, rangi ya manjano, vidole kama vya kijiko cha greda, na kupigana na mama wa madude. Ilionekana ya kweli kiasi kwamba wahandisi wengi wameitaja tangu hapo, na kampuni ya Activelink, ya kundi la Panasonic, iliipa suti yake jina lilelile la Power Loader. Siri yake ni kwamba hakukuwa na mota. Nyuma ya Weaver alijibana mwanamume mwenye misuli akiisukuma mikono na miguu ile kwa nguvu zake, na uzito ukabebwa kwa kuning'iniza.

Filamu ya Edge of Tomorrow ya 2014 ilikwenda mbali zaidi. Tom Cruise na Emily Blunt walivaa suti za chuma za kilo 38 hivi, na za silaha nzito zilizidi hapo, bila mota hata moja. Waliigiza wepesi huku wamebeba gunia.

Mimi lakini tuzo ya filamu iliyoona mbali naipeleka kwa vinyago vya udongo: The Wrong Trousers ya mwaka 1993, ya Wallace na mbwa wake Gromit. Mle ndani mna suruali ya roboti inayodhibitiwa na ngwini mhalifu, inayomtembeza Wallace ukutani usiku akiwa usingizini. Ndiyo filamu pekee kati ya hizi iliyolishika lile jinamizi la Hardiman: suti inayokwenda, na mvaaji hana kauli.

Jina la mkosi kuliko yote

Juni 2004, mjini Tsukuba, profesa Yoshiyuki Sankai alianzisha kampuni ya kutengeneza suti ya roboti. Suti akaiita HAL. Kampuni akaiita Cyberdyne. Aliyeangalia sinema anajua kwamba HAL ni kompyuta iliyoua wanaanga katika 2001: A Space Odyssey (1968), na Cyberdyne ndiyo kampuni iliyozaa mashine za kuangamiza binadamu katika mfululizo wa Terminator. Sankai anasema jina la kampuni limetokana na taaluma yake ya saibanetiki, na mwenyewe amesimulia kwamba mapenzi yake kwa roboti yalianzia utotoni, aliposoma I, Robot ya Isaac Asimov.

Majina kando, HAL ilifanya ambalo Heinlein hakulifikiria. Haisubiri mwili usukume. Ubongo unapoamuru mguu uende, ishara dhaifu ya umeme hufika kwenye misuli na kuonekana juu ya ngozi. Vihisio vilivyobandikwa pajani huinasa, na mota za nyonga na goti zikaongeza nguvu. Kwa mtu ambaye amri bado inafika ila msuli hauna nguvu ya kuitii, hiyo ni tofauti kubwa. Mwaka 2013 HAL ilipata cheti cha kimataifa cha usalama, ya kwanza katika aina yake, na Novemba 2015 Japani iliiidhinisha kama kifaa cha tiba kwa magonjwa kadhaa adimu ya neva na misuli.

Marathoni ndefu kuliko zote

Jumapili ya tarehe 22 Aprili 2012, Wilson Kipsang wa Kenya alishinda Marathoni ya London kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 44. Mary Keitany, Mkenya mwenzake, akashinda ya wanawake kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 37. Mitaa ikafagiliwa, vizuizi vikaondolewa, magari yakarudi barabarani. Claire Lomas alikuwa bado yuko njiani.

Lomas alikuwa mpanda farasi wa mashindano aliyeanguka 2007 na kupooza kuanzia kifuani kushuka chini. Siku hiyo alikuwa amevaa ReWalk, suti ya Kiisraeli inayofunga miguu kwa nje, yenye mota kwenye nyonga na magoti, betri mgongoni, na kifaa cha mkononi mfano wa saa cha kuamuru kusimama au kukaa. Hatua yenyewe haitoki kwenye kitufe. Mvaaji anaegemea mbele kidogo, kihisio kinapima mwinamo wa kiwiliwili, suti inatupa mguu mmoja. Anahamisha uzito kwa magongo, anaegemea tena, unakwenda mwingine. Kwa mtu asiyehisi miguu yake, kila hatua ni hesabu: goti limenyooka au bado? Wayo umeshagusa chini? Macho na mabega ndiyo yanayojibu. Alikwenda kama kilomita 2.5 kwa siku, akilala na kurudi kesho yake pale alipoishia.

Alimaliza tarehe 8 Mei, siku ya 17. Ndiye mtu wa kwanza aliyepooza kumaliza marathoni ndani ya suti ya roboti. Kanuni za mashindano zilitoa medali kwa waliomaliza siku ileile tu, hivyo hakupewa. Wakimbiaji kadhaa walipolisikia hilo wakampelekea za kwao. Mwaka 2016 alirudi barabarani, kwenye nusu marathoni ya Great North Run, akaimaliza kwa siku 5 akiwa na ujauzito wa wiki 16. Alifariki Agosti 2024 kufuatia ajali ya kuruka kwa parachuti yenye injini nchini Jordan. Mambo ya kukaa kitako hayakuwa yake.

Mwaka 2018 Eliud Kipchoge alishinda London kwa saa 2, dakika 4 na sekunde 17, na safari hii Simon Kindleysides, naye ndani ya ReWalk, alitembea usiku kucha na kumaliza kwa saa 36 na dakika 46, mwanamume wa kwanza aliyepooza kumaliza London kwa miguu. Januari 2020, huko Charleston, Marekani, Adam Gorlitsky akashuka chini ya saa 34. Kutoka siku 17 hadi siku moja na nusu kwa miaka 8: hakuna Mkenya aliyewahi kukata muda namna hiyo, na sidhani kama kuna atakayejaribu.

Aliyeibuni ReWalk, Amit Goffer, hakuweza kuitumia. Ajali ya 1997 ilimpoozesha hadi mikono, na suti yake inahitaji mtu anayeweza kushika magongo. Baadaye alibuni kiti cha magurudumu kinachosimama, kwa ajili ya watu kama yeye.

Teke fupi kuliko yote

Tarehe 12 Juni 2014, kabla Brazil haijaivaa Croatia kufungua Kombe la Dunia mjini São Paulo, kijana aliyepooza kuanzia kifuani, Juliano Pinto, aliugusa mpira kwa mguu uliosogezwa na suti ya roboti. Kichwani alivaa kofia ya vihisio vya umeme wa ubongo. Mwanasayansi wa ubongo Miguel Nicolelis na timu yake ya watu zaidi ya mia moja walikuwa wametangaza mengi: kijana angeinuka kutoka kwenye kiti, angetembea uwanjani na kupiga mpira mbele ya dunia nzima. Kilichoonekana ni teke dogo pembeni mwa uwanja, na runinga zikalionyesha sekunde chache kabla ya kuhamia kwingine. Walioahidiwa muujiza walinung'unika. Lakini amri ya teke lile ilitoka kwenye ubongo, ikapita nje ya uti wa mgongo uliokatika, ikafika mguuni.

Mjini Grenoble, Ufaransa, madaktari walikwenda ndani zaidi, kwa maana halisi. Mwaka 2017 walimpandikizia kijana aliyepooza mikono na miguu vifaa viwili chini ya fuvu, kila kimoja na elektrodi 64, juu ya utando wa ubongo. Kwa muda mrefu alijifunza nyumbani kwa kuendesha kikaragosi kwenye kompyuta kwa fikra. Kisha akavalishwa suti ya kilo 65, iliyoning'inizwa kwenye dari isije ikaanguka naye, akatembea na kusogeza mikono yote miwili. Taarifa ilichapishwa katika jarida la Lancet Neurology, Oktoba 2019. Hakuna aliyepooza viungo vyote vinne aliyewahi kufanya hivyo kabla yake.

Rekodi iliyotoa jasho jingi

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na suti za miguu kwa miongo mingi zilibuniwa na watu wasiozibeba. Zilipopimwa maabara, mvaaji akiwa na barakoa ya kupima hewa anayovuta na kutoa, jibu lilikuwa lilelile la kuudhi: anatumia nguvu nyingi zaidi kuliko asiyevaa kitu. Mota zinasaidia, ndiyo, lakini uzito wa suti unadai zaidi ya zinachotoa, hasa uzito uliofungwa chini karibu na wayo, unaorushwa mbele na nyuma kila hatua. Mwili wa binadamu umetengenezewa kutembea kwa ubahili mkubwa, na kumpunguzia bahili matumizi ni kazi.

Kizuizi kilivunjwa 2013 katika Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji. Philippe Malcolm na wenzake walifunga misuli ya hewa kwenye kifundo cha mguu na kutafuta sekunde sahihi ya kusukuma, mwishoni kabisa mwa hatua, wayo unapojiandaa kuachana na ardhi. Wavaaji wakatumia nguvu pungufu kwa asilimia 6 kuliko walipotembea na viatu tu. Hewa ilitoka kwenye mpira uliounganishwa na mashine pembeni, hivyo usingeweza kwenda nayo sokoni. Mwaka uliofuata Luke Mooney, Elliott Rouse na Hugh Herr wa MIT walifanya hivyo kwa suti iliyobeba betri yake. Herr mwenyewe anatembea kwa miguu bandia ya roboti. Alikatwa yote miwili akiwa kijana, baada ya kupotea kwenye baridi akipanda Mlima Washington mwaka 1982.

Halafu springi zikarudi. Mwaka 2015, katika jarida la Nature, Steven Collins, Bruce Wiggin na Gregory Sawicki walionyesha kifaa cha kifundo cha mguu kisicho na betri, mota wala kompyuta. Kilikuwa na springi na klachi, chenye uzito wa kama gramu 500 kwa mguu, na kilipunguza matumizi ya nguvu kwa asilimia 7. Miaka 125 baada ya Yagn! Klachi ndiyo aliyoikosa Mrusi: kitu cha kuishika springi wakati wa kubeba uzito na kuiachia mguu unapopaa.

Rekodi kubwa zaidi kati ya hizi ninazozijua ni ya Stanford, 2022, tena Collins yumo. Kiatu chao chenye mota hujifunza mwendo wa mvaaji mmoja mmoja akiwa barabarani. Kilipunguza nguvu kwa asilimia 17 na kuongeza kasi kwa asilimia 9, ambayo waandishi wake waliilinganisha na kuvua begi la kilo 9 mgongoni. Kilo 9 si nyingi ukiziweka kando ya zile 680 za Hardiman. Ila hizi zilitoka mgongoni kweli.

Kwa wapenda mbio: Seoul, 2023, watafiti wa Chuo Kikuu cha Chung-Ang walitangaza suti nyepesi inayovuta mapaja nyuma kwa nyaya. Wakimbiaji 9 wasio wa kimataifa walipunguza wastani wa sekunde 0.97 katika mita 200. Kwenye riadha ya ushindani, sekunde nzima ni tofauti kati ya jukwaa la medali na kiti cha mtazamaji.

Kubwa kuliko zote, na ya kasi kuliko zote

Guinness inaitambua Prosthesis ya Jonathan Tippett, Mkanada wa Vancouver, kuwa suti kubwa kuliko zote ya miguu minne: kimo mita 3.96, upana mita 5.51, uzito zaidi ya tani 3. Rubani anafungwa katikati, mikono yake inaongoza miguu ya mbele na miguu yake ile ya nyuma. Ni mchezo wa gharama, na mwenye nayo hajawahi kudai ni kitu kingine.

Kwa kasi, Mwingereza Richard Browning alifikia kilomita 136.89 kwa saa huko Brighton, Novemba 2019, akiruka kwa injini ndogo za jeti mikononi na mgongoni. Hiyo haimbebi mtu hatua hata moja ardhini, hivyo wabishi wana haki ya kuiondoa kwenye orodha.

Ahadi kubwa kuliko zote

Mwaka 2013 kamandi ya vikosi maalumu vya Marekani, chini ya Admirali William McRaven, ilianzisha mradi wa TALOS: suti ya kuzuia risasi, kuongeza nguvu, na kupima afya ya askari. Magazeti yakaibatiza suti ya Iron Man, shujaa wa vibonzo na filamu ambaye jina lake halisi ni Tony Stark. Februari 2014 Rais Obama mwenyewe alitania mbele ya waandishi kwamba serikali inamjenga Iron Man. Kampuni ya Legacy Effects, iliyotengeneza suti za filamu hizo, ikaitwa kusaidia. Mwaka 2019 mradi ulifungwa bila suti kamili. Nguvu ya umeme ilikosekana: kwenye filamu Tony Stark ana kinu kidogo kifuani kisichokwisha, askari ana betri. Na waliosoma vibonzo vya mwaka 1963 wanakumbuka kwamba kile kibamba cha kifuani kilianza kama kifaa cha tiba, cha kuuweka hai moyo wa mtu aliyejeruhiwa.

Sarcos ya Utah ilifika karibu zaidi. Guardian XO yake, iliyoonyeshwa Las Vegas Januari 2020 pamoja na shirika la ndege la Delta, ilimwezesha mtu kuinua kilo 90 kwa betri za kubadilisha, bila waya. Ripley angeitambua. Miaka mitatu baadaye kampuni iliacha kutengeneza mashine, ikahamia kwenye programu, na 2024 ikabadilisha hadi jina.

Inayomfuata mwenyewe

Oktoba 2024, katika Cybathlon, mashindano ya vifaa vya watu wenye ulemavu yaliyoanzishwa na chuo cha ETH Zürich, Kim Seung-hwan wa Korea Kusini alishinda medali ya dhahabu. Suti yake, WalkON Suit F1 ya chuo cha KAIST, ina uzito wa kilo 50 na mota 12. Mmoja wa wabunifu wake alisema wazo lilimjia kwa kuangalia Iron Man. Suti nyingi zinamtaka mtu ahamie kutoka kwenye kiti cha magurudumu kwenda kwenye suti, na mara nyingi lazima asaidiwe. Hii inatembea peke yake hadi alipo, inasimama mbele yake na kujifunga kwake akiwa amekaa. Kim alipanda ngazi, akatembea kiubavu kati ya viti, na kukamilisha majukumu yote chini ya dakika 7. Kasi yake ya juu ni kilomita 3.2 kwa saa, ileile ya Monty Reed mwaka 2005.

Hatua 371,091

Bima ya umma ya Marekani ya wazee na wenye ulemavu ilipanga mwaka 2024 kulipa takriban dola 91,000 kwa suti moja ya nyumbani. Bei hiyo haimo katika riwaya yoyote. Mwaka huohuo mpanda farasi mwingine wa zamani aliyepooza, ambaye suti yake ilikuwa imehesabu hatua 371,091, alikwama kwa sababu ya hitilafu ndogo ya waya kwenye saa ya mkononi inayoiongoza. Suti haikuwa na kasoro. Watengenezaji wakamjibu kwamba ina zaidi ya miaka 5, hawaigusi. Alipaza sauti, vyombo vya habari vikaidaka, ndipo ikatengenezwa. Heinlein alimpa kila askari wake suti inayoruka juu ya majengo, lakini fundi wa kubadilisha waya hakumweka mbele ya hadithi.

Kwenye soko la wazima mambo ni mepesi zaidi. Sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina 2025, wapandaji wa Mlima Tai nchini China, wenye ngazi karibu 7,000, walianza kukodishiwa suti ya nyonga na mapaja yenye uzito wa kilo 1.8, kwa yuan 60 hadi 80. Unaifunga kiunoni, unapanda, na ukishuka unairudisha.